Dereva wa Lori la Maziwa

Mwaka wangu wa kwanza ughaibuni, chuoni College Park, profesa wa jiografia alitugawia wilaya ndogo za mashambani huko Brazili, kila mwanafunzi yake. Yangu ilikuwa na mto, vilima, mahindi, maharagwe na ng'ombe wa maziwa. Basi! Maktaba nzima ilinipa ukurasa mmoja, nami nilitakiwa kuzungumza dakika kumi.

Dakika ya tatu karatasi ikaniishia. Mtu mwenye akili angekaa chini. Mimi nikaanza kueleza kijijini kwetu nyumbani, Kinangop, kana kwamba ni Brazili. Nikasema mvua ikinyesha barabara inakuwa tope tupu, lori la maziwa linakwama, na kijiji kizima kinatoka kulisukuma, akina mama wakiwa wa kwanza, maana maziwa yao yakilala yatachacha. Nikaweka bega ubaoni nikawaonyesha namna ya kusukuma.

Hapo msichana mmoja wa nyuma akainua mkono. Nilimjua: Mbrazili. Nikasema moyoni, leo nimekwisha.

"Profesa, mimi natoka wilaya ya jirani na hiyo," akasema. "Yote ni kweli. Amesahau tu kwamba dereva hashuki."

Nikapiga kelele kabla sijajizuia: "Hashuki kabisa! Anakaa ndani anapiga honi!"

"Halafu anatugombeza!"

Tulitoka darasani tumeshikana mikono, machozi ya kicheko yakitutiririka, tukimtukana yule dereva kana kwamba ni mtu mmoja tu, aliyetulea sote wawili.