Pazia la Karakanani

Nakumbuka Jumapili moja ya ukungu, mwanangu, nilipotoka kanisani nikapita kwa wakwe zangu upande wa Mponde. Nikakuta chombo nilichomtengenezea mama mkwe cha kukojolea kimewekwa katikati ya meza ya wageni, kimejaa maua. Mgeni mmoja alikuwa anakisifu. Alitaka kumjua fundi wake ili naye atengenezewe kimoja cha sebuleni. Nikanywa chai yangu nikiangalia sakafu.

Cheka tu, hata mimi nacheka sasa. Siku ile sikucheka, kwa sababu mama wa watu alikuwa anaisha.

Alikuwa ameteleza mteremkoni wakati wa mvua, mzigo wa kuni kichwani, akavunjika nyonga. Hospitali walimtibu wakamrudisha nyumbani. Aliweza kukaa ukingoni mwa kitanda akiegemea mito, lakini kusimama hakuweza, na nyumba zetu za milimani unazijua: nyumba juu, choo chini, na katikati ngazi za udongo ambazo hata mbuzi anazifikiria kwanza. Beseni alilopewa lilimtaka anyanyue kiuno, na akinyanyua analia. Mke wangu Naomi, binti yake, alikuwa akienda kumhudumia asubuhi kabla ya kuchuma chai, kisha akarudi tena jioni. Mchana kutwa mama alibaki peke yake.

Basi mama akajitafutia dawa yake mwenyewe: akaacha kunywa. Yule aliyekuwa haanzi siku bila bakuli zima la chai, sasa akiletewa anaisogeza pembeni. Maji anayatumia kulowesha midomo tu. Muuguzi alipopita kumwangalia hakuficha neno, akasema mkojo umekuwa mweusi, figo zitakufa, mpeni maji. Naomi akamsihi, akamlilia. Mama akamjibu, "Nikinywa, nani atanishusha?"

Mimi nilikuwa fundi bati, kijana, naringia mikono yangu. Naomi akaniambia nitengeneze kitu. Lakini kwetu, mwanangu, mtu na mama mkwe wake hawatazamani ovyo. Nikikutana naye njiani nampisha, natoa shikamoo macho yakiwa chini. Sasa mtu huyo nitamuulizaje habari za haja ndogo? Hata Naomi sikumuuliza, maana yule ni mama yake. Nikajifungia karakanani nikajipima mimi mwenyewe. Nikachukua bati jipya, nikatia shingo ndefu na mdomo mwembamba, nikalehemu, nikakisugua mpaka kikang'aa. Fikiria kidogo utaona nilipokosea.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wazee walisema wakamaliza, ila sisi vijana tulidhani walikuwa wanazungumzia kunguni.

Haya, turudi Jumapili ile. Mgeni alipoaga, sauti ikatoka chumbani. Mlango wa chumba kile haukuwa na ubao, ulikuwa na pazia zito la buluu.

"Mkwe, mgeni kaenda?"

"Kaenda, mama."

"Chombo chako kizuri. Maua yamekaa vizuri kabisa."

Nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

"Sasa nisikilize, baba. Wewe hunioni, mimi sikuoni. Pazia lipo, heshima ipo. Mimi ni mwanamke. Mdomo ule ni wa mwanamume. Tena bati linakata, na asubuhi lina baridi ya kumtoa mtu roho. Wewe unaogopa kuniuliza, mimi naogopa kukwambia, na kiu inanimaliza. Heshima yako itanizika, mkwe."

Nikasogeza kigoda karibu na pazia. Kisha nikakohoa, nikauliza swali langu la kwanza: "Mama, ukikaa, unaegemea upande gani?"

Jioni ile yote tuliongea hivyo, yeye ndani, mimi nje, Naomi akipita katikati. Nikaachana na bati, maana linashika kutu, na uchafu hujificha kwenye viungo ukaleta maradhi. Nikachukua dumu la mafuta ya kula, nikalisafisha, nikalikata. Naomi akaliingiza ndani, sauti ikatoka: "Ongeza upana." Nikakata. "Chini pawe parefu kidogo, papite chini yangu nisinyanyue kiuno." Nikakata tena. "Mpini uwe kulia, mkono wa kushoto hauna nguvu." Ukingo nikauvisha mpira wa maji niliopasua, ili usimkwaruze wala usimshtue kwa baridi, na uweze kuvuliwa ukaoshwa kwa maji moto na sabuni. Naomi akajaza maji kujaribu, kikapinduka godoroni. Nikakipasha moto kitako mpaka kikawa bapa, kikatulia. Mwisho nikatia mfuniko.

Siku nilipokipeleka kimekamilika, tulikaa sebuleni mimi na Naomi, tunatazama pazia. Halafu nikasikia mfuniko unafungwa.

"Naomi!" mama akaita. "Leta chai. Lile bakuli kubwa. Na mkwe naye mpe, kazi yake haivuji."

Mwanangu, nililia. Sikuwa nimelia tangu utotoni, nikalia pale mbele ya mke wangu na chai mkononi. Mama alikunywa bakuli la kwanza, akaomba la pili, na baada ya siku chache Naomi akaniambia mkojo umerudi rangi yake. Tukalala usingizi.

Mama alikuja kutembea kwa fimbo, akaishi miaka mingi. Alipotutoka niliomba kitu kimoja tu katika nyumba ile, nacho ndicho hicho unachokiona kimening'inia pale kona ya karakana. Watu hutoka Bumbuli, wengine Rangwi, wakaingia nyuma ya pazia hilo wakasema shida zao, mimi nikakata plastiki huku.

Sasa wewe umekuja kwangu kujifunza ufundi, una picha kwenye simu, vyombo vizuri vya dukani. Sikukatazi kuvitazama. Lakini usimpime mtu kwa mwili wako, wala usimuulize anayemuuguza ukamwacha anayeugua. Muulize mwenyewe. Ukiona haya, na yeye akiona haya, tundika pazia kisha uulize. Mficha uchi hazai, ni kweli, ila anayetaka kusaidia naye ampe mwenzake mahali pa kusemea. Na chombo kisichoosheka usikitoe karakanani hata kikipendeza namna gani, kitawekewa maua.

Mungu akupe mikono mitulivu na masikio yasiyo na haya. Na siku utakapolala wewe, maana sote tutalala, akujalie mtu wa kukuuliza unaegemea upande gani, na chai uinywe mpaka ukinai.