Sungura Aliyeletwa Awe Supu

Sungura alikuwa wa mama mkwe, si wangu. Nalisema mapema kwa sababu hapa Mabira kuna watu mpaka leo wananiita mama sungura, na wakiniona na beseni wanauliza kama mgonjwa wangu ameshaoga. Wacheke tu. Mimi yule sungura namshukuru mpaka kesho.

Mama mkwe aliteleza nyuma ya nyumba akiwahi kuanua kahawa, mvua ilikuwa inakuja, na nyonga ikavunjika. Hospitali wakakaa naye kwa muda, wakasema kwa umri wake na moyo wake hawathubutu kumpasua, wakaturuhusu turudi naye. Wifi yangu aliyeolewa kijiji cha Ndama akaja kumwona na sungura ndani ya kikapu, mnene, rangi ya majivu, eti mama akinywa supu yake mfupa utaunga. Mama akamtazama sungura. Sungura naye akamtazama mama, midomo inatafuna na wala hana kitu mdomoni.

"Huyu simli," mama akasema. "Nileteeni maharage."

Basi, yakaisha. Sungura akapewa boksi chini ya kitanda, na mchana akawa analala juu ya tumbo la mama anakunwa masikio.

Kumuuguza mama ikawa kazi yangu. Mume wangu ni mtoto wa kiume, hawezi kumvua mama yake nguo, hilo halina mjadala. Nilimlisha, nikamchana nywele, nikamwosha mgongo na miguu. Lakini nikikaribia kiunoni tu, mkono wake unanidaka.

"Ishia hapo."

"Mama, umelowa."

"Nimelowa mimi. Wewe ni mkwe wangu. Mahali alipotokea mume wako hupatazami."

Alimkubali mtu mmoja tu, bibi wa kibanja cha migomba cha jirani, rafiki yake tangu walipopata kipaimara pamoja. Na yule bibi naye magoti yalikuwa yameshamsaliti. Leo anakuja, kesho haji. Siku asiyokuja, mama alilala kwenye unyevu wake amekaza meno. Alikuwa ananuka, na alijua. Nikiingia ananiambia nifungue dirisha, sungura amechafua hewa.

Siku moja nesi wa zahanati alipita kumwangalia, akamgeuza bila kumwomba ruhusa, kisha akaniita nje. Alisema juu kidogo ya makalio ngozi imekuwa nyekundu na imeanza kulainika. "Hapo pakifunguka kidonda, huyu mama hatutakuwa naye muda mrefu. Awe mkavu. Kila siku." Akapanda bodaboda yake akaenda zake, akaniacha nalia kwenye migomba.

Kilio changu hakichukui muda kugeuka hasira. Nikaingia ndani moja kwa moja.

"Mama, nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nani alinikanda na maji ya moto? Nani aliniosha damu? Mama yangu alikuwa kwao Nyakakika, hata habari hajapata. Si wewe? Mbona wewe ulitazama?"

Hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi. "Mwanamke aliyejifungua ni mtoto," alisema. "Mtoto huoshwa na yeyote." Kisha akageukia ukutani, yaani uso peke yake, kwa kuwa mwili haukuweza kugeuka.

Ningefanya nini? Mtu mzima humfungi kamba.

Ikaja Pasaka. Kwetu sikukuu haipiti bila kukamua ndizi mbivu kupata juisi, na sakafu ya sebuleni lazima itandikwe nyasi mbichi, ndefu, zilizokatwa asubuhi na umande wake. Nyasi kavu humtandikii mgeni, utaonekana umemdharau. Sasa mimi, kwa heshima ya sungura wa mama, nikamtandikia na yeye nyasi mbichi kwenye boksi lake. Na maganda ya ndizi yaliyobaki nikamrundikia humo humo. Alikula kama aliyetoka jela. Nikajiona mkwe mwema kupindukia.

Sikukuu ilipopita, ile harufu ya sungura ikawa ya kweli. Nikamgeuza. Mawe, mama yangu! Manyoya yote ya nyuma, kuanzia mkiani mpaka mapajani, yameshikana na kinyesi laini, ngozi imelowa chepechepe, nzi wanamzunguka. Nikasema hii ni kazi ndogo. Nikaleta beseni, maji ya mtungini na sabuni ya kufulia, nikamzamisha.

Alinipiga mateke nikachubuka mkono. Halafu ghafla akanyamaza, akaanza kutetemeka, masikio ya baridi, macho yamemtoka. Mama kule kitandani anapiga kelele, "Umeniulia! Umeniulia mwenzangu!" Nikamfunga kwenye khanga nikatoka mbio hadi barabarani, maana nilikuwa nimeisikia pikipiki ya afisa mifugo, dada mmoja aliyekuja kuchoma sindano ng'ombe wa jirani.

Alianza kwa kucheka. Nikamwambia cheka baadaye, mwokoe kwanza. Akamchukua, akamfuta, akamweka kifuani ndani ya koti lake mpaka kutetemeka kukapungua. Ndipo akanifundisha. Sungura hazamishwi kwenye maji, anapata baridi na hofu inaweza kumuua. Manyoya yaliyoshikana yanakatwa kwa mkasi, taratibu, usiguse ngozi. Panapobaki uchafu unalainisha kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, unakandamiza, husugui. Halafu unakausha, na kukausha si kupitisha kitambaa juu juu. Unapuliza manyoya yafunguke uone ngozi yenyewe imekauka. Nyasi za kulalia ziwe kavu, zibadilishwe kila siku. Maganda ya ndizi basi, ale majani na nyasi kwa wingi. Na kila siku akaguliwe, kwa sababu nzi hutaga kwenye unyevu na funza humla angali hai.

"Lakini si wanajisafisha wenyewe?" nikauliza.

"Wanajisafisha. Huyu amenenepa, hajifikii. Asiyejifikia anasaidiwa."

Nilirudi nikamweleza mama yote, neno kwa neno, hata lile la funza. Alisikiliza huku amemkumbatia sungura wake.

Kuanzia hapo kila asubuhi nikawa naketi ukingoni mwa kitanda na bakuli la maji ya uvuguvugu, mkasi na vipande vya khanga kuukuu. Sungura hakutulia popote ila kwa mama, kwa hiyo mama alimshika kifuani na mimi nikamshughulikia huko nyuma. Mimi siwezi kufanya kazi kimya. "Tulia baba," nilikuwa namwambia. "Aibu ya nini? Kila mwenye mdomo ana na huku. Hata askofu."

Mama akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu aanguke. Akawa msimamizi pia: hapo bado kumelowa, kandamiza usisugue, umesahau chini ya mkia. Mwanzoni sungura alirusha miguu, kadiri siku zilivyokwenda akaacha, mwisho akawa akiona bakuli ananyoosha miguu ya nyuma mwenyewe. Mama alimtazama sana akifanya hivyo.

Asubuhi moja nilikuwa nimemaliza, nimekunja vitambaa, nainuka. Mvua ilikuwa inanyesha na nilijua bibi wa jirani hatakuja.

"Maji bado yana moto?" mama akauliza.

"Yana moto, mama."

"Funga mlango."

Nikafunga. Alimvuta sungura shingoni kwake, akachukua khanga, akajifunika. Alijifunika uso. Kutoka chini ya khanga akasema, "Haya. Leo nichukulie kama nimejifungua."

Nilikandamiza, sikusugua. Nilikausha mpaka kwenye mikunjo, na pale penye wekundu nilipuliza kwa mdomo. "Unapuliza nini?" akauliza. "Natazama kama pamekauka, mama." Ile khanga ya usoni ikawa inatikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu nikatambua ni vyote viwili.

Tangu siku hiyo nilikuwa na wateja wawili kila asubuhi. Mama alisisitiza sungura aanze, yeye afuate, na maji nibadilishe, asije akaoga makombo ya sungura. Wekundu ule ukafifia, ukaisha. Khanga ya usoni nayo siku moja haikuchukuliwa, na tukawa tunaongea habari za kahawa na za watu wakati namwosha.

Aliishi mpaka kahawa ikaiva tena, kisha moyo ukachoka, akaondoka akiwa usingizini. Wazee wa kike wakaingia kumwosha kwa mara ya mwisho, mimi nikabaki jikoni kama inavyotakiwa. Aliyetoka wa kwanza ni yule bibi wa jirani, mikono bado ina maji. Akanitafuta kwenye kundi la watu, akanishika viganja vyote viwili.

"Tumemgeuza kote," akasema. "Hana kidonda hata kimoja. Asante, waitu, wa kwetu. Asante, mwanangu."

Walipomaliza niliingia chumbani, nikamkuta sungura amejibanza ndani ya boksi lake chini ya kitanda. Nikamtoa, nikaketi palepale ukingoni, nikamgeuza, nikapuliza manyoya. Alikuwa mkavu.