Ishara Arobaini na Shuka Moja

Idara ya Fasihi, katika kikao chake halali kilichotimiza akidi, ilitangaza kwamba kuanzia muhula huo kutakuwa na Orodha Rasmi ya Ishara na Vikale, yenye vipengele arobaini, ili kila ishara iwe na maana moja, na kila msahihishaji, awe nani na awe ameamka vipi, atoe alama ileile kwa jibu lilelile. Hayo ya kuamka hayakuwamo katika tangazo. Mengine yote yalikuwamo, yakapigwa muhuri na kubandikwa nje ya ofisi ya Idara, juu ya tangazo la zamani la mwavuli uliopotea.

Mwanafunzi mmoja, msichana, alilisoma tangazo hilo la Idara mara mbili, kisha akalinakili lote, na orodha yake, mpaka kipengele cha mwisho. Alikuwa na sababu. Alikuwa mwaka wa tatu, amefaulu masomo yote isipokuwa moja, na hilo moja lilikuwa Taswira na Ishara. Kanuni za chuo zilimruhusu mtu kulifanyia somo mtihani mara tatu. Akianguka ya tatu, anaondoka bila cheti, hata kama mengine yote ameyapita kwa alama za kuringia. Yeye alikwishaanguka ya kwanza. Aliandika alichofikiri, na Daktari wa somo akamwandikia pembeni kwa wino mwekundu: "Nani kasema?"

Aliishi na shangazi yake, ambaye alikuwa dobi, katika vyumba viwili nyuma ya duka la kufulia. Duka lenyewe lilikuwa na kaunta, mashine mbili, moja yao ikitetemeka kiasi kwamba kila Ijumaa ilibidi isukumwe irudi mahali pake, na meza ndefu ya pasi iliyoungua pembe zote nne. Uani kulikuwa na kamba saba. Msichana alikuwa chuoni asubuhi, na mchana akirudi alivua viatu vya chuo, akavaa ndala, akawa mtu wa kaunta. Mpigapasi, bwana mwembamba aliyekuwa pale mezani miaka kumi na tisa, hakuwahi kumwita kwa jina lake.

"We Fasihi! Hanga zimeisha huku."

"Nakuja."

"Njoo na ishara moja, ya buku mbili tu."

Orodha aliibandika ukutani juu ya meza ya pasi, kwa sababu hapo ndipo alipokuwa muda mwingi. Kipengele cha 1, Maji: uzima mpya. Cha 4, Weupe: usafi wa moyo. Cha 9, Usiku: ujinga. Cha 12, Mlango: fursa. Vikale, yaani zile sura za kale zinazojirudia kila penye hadithi, vilianzia kipengele cha 25: Mama, Safari, Mlinzi wa Lango, Mtoto Aliyepotea, na ndugu zao.

Siku ya kwanza aliisoma kwa sauti. Shangazi alikuwa ameinamia karo, mikono imo povuni hadi viwikoni.

"Maji ni nini?" aliuliza shangazi.

"Uzima mpya."

"Aha. Waambie hao walimu wako waniletee sweta la sufu nilifue kwa maji ya moto. Tuone huo uzima mpya utamwenea nani."

"Shangazi, ni ishara."

"Hata mimi nasema ishara. Lilikuwa la baba, litakuwa ishara ya mtoto."

Walipofika kwenye weupe, shangazi hakutania. Alichukua kifuko cha buluu, akakichovya mara mbili katika maji ya kusuuzia, maji yakawa kama mtu kayapigia wino. Kila dobi anajua hili, na wateja wachache hutaka kulijua: nguo nyeupe ikizeeka huwa ya manjano, na sabuni yoyote haiirudishi. Kinachoirudisha ni buluu kidogo sana mwishoni. Manjano haijaondoka, ila jicho limedanganywa.

"Nyeupe ya hivihivi sijawahi kuiona, mwanangu," alisema. "Ipo ya dukani, na ipo ya kwangu."

Msichana alitafuta kwenye orodha kama buluu imo. Haikuwamo.

Kuvikariri vipengele arobaini kulimtaka mbinu, naye akaipata mezani. Shati lina sehemu nane za kupiga pasi: kola, bega na bega, mkono na mkono, mgongo, kifua cha kushoto, kifua cha kulia. Mashati matano yanafanya sehemu arobaini. Ishara aliziacha zifuatane kwa namba zake, na maana akazitundika kwenye mashati, moja kila sehemu. Mpigapasi akipitisha pasi kwenye kola, yeye anasema "uzima mpya". Akigeukia bega, inayofuata. Kwa wiki mbili mashati ya watu wazima waliokuwa na heshima zao mjini yalipigwa pasi kwa mtiririko wa maana. Mashati matatu yakamkaa kichwani kabisa.

Kisha mpigapasi akateguka mguu, akalala kwake siku kumi na mbili, na pasi ikashikwa na shangazi. Mashati mawili yaliyobaki, yaani vipengele vyote kuanzia cha 25, msichana aliyakariri akiwa kando ya shangazi. Hakuna aliyekumbuka kumwambia, na yeye mwenyewe, kwa kuwa akili ilikuwa kwenye orodha, hakutia maanani, kwamba shangazi huanza na mikono na kumalizia kola.

Kwenye mtihani wa pili alipiga pasi kichwani mashati yote matano kwa mpango wa mpigapasi. Hadi kipengele cha 24 alikwenda kama maji mteremkoni. Baada ya hapo kila ishara ilivaa maana ya jirani yake. Swali lilihusu shairi la mama anayembembeleza mtoto. Msichana aliandika kurasa mbili, kwa utulivu na mwandiko mzuri, kueleza kwamba mama katika shairi hili anawakilisha vita visivyoisha. Daktari, ambaye alikuwa na mama, aliweka alama kubwa ya kuuliza. Jumla ilikuwa arobaini na sita. Kufaulu kulianzia hamsini.

Dukani kesi ilisikilizwa siku hiyohiyo.

"Nani duniani anaanzia mikono?" alisema mpigapasi, aliyekuwa amerudi na fimbo ya kukopa. "Ukianza na mikono, ukija kwenye mgongo mikono imeshajikunja."

"Kola ndiyo watu wanaiona," alijibu shangazi. "Ikiwa ya mwisho inatoka na moto wake. Wewe ukimaliza, kola imeshalala."

"Mtoto wa watu kaanguka kwa ajili ya kola."

"Kaanguka kwa ajili ya mguu wako."

Walibishana hivyo hadi kufunga duka. Suala la kwamba mama si vita halikuguswa, labda kwa kuwa wote wawili waliwahi kuwa na mama.

Kabla ya mtihani wa tatu alikwenda kumwona Daktari. Alimkuta anakula karanga juu ya rundo la karatasi, akiyapeperusha maganda kwa adabu upande wa dirisha.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, binti. Keti. Toa hivyo vitabu, keti."

"Daktari, nilitaka kuuliza. Kama ndani ya shairi kitu kina maana nyingine, isiyo ya kwenye Orodha?"

"Shairi gani?"

"Lolote."

"Binti." Alisukuma karanga kando. "Umebakiwa na nafasi ngapi?"

"Moja."

"Mtu mwenye nafasi moja hafanyi utafiti."

"Lakini Daktari mwenyewe unaamini kwamba usiku ni ujinga?"

Daktari alitafakari kwa muda wa karanga mbili. "Mimi nilipiga kura ya ndiyo," alisema. "Ilikuwa saa saba na nusu, na chakula kilikuwa kinapoa."

Msichana alirudi nyumbani, akaitoa orodha ukutani, akaanza upya bila shati. Aliikariri kikavu, kama namba za simu. Shangazi alimwambia mara moja tu, akiwa anahesabu vifungo vya koti: "Ukianguka, meza ya pasi ipo. Ukifaulu, ipo vilevile mpaka upate kazi. Sasa nenda kalale, unanikanyagia mashuka." Ilikuwa kauli ya upendo, na msichana aliielewa hivyo, lakini aliitazama ile meza, pembe zake nne zilizoungua, na hakulala upesi.

Swali la lazima katika mtihani wa tatu lilikuwa na alama sitini, na lilitaka watahiniwa waeleze ishara ya weupe katika shairi fupi lililochapwa chini yake. Lilianza hivi:

*Shuka jeupe kambani, lapepea peke yake,*
*Mwenyewe yu mle ndani, kafunga mlango wake.*

Weupe, upepo, mlango. Cha 4, cha 17, cha 12. Usafi wa moyo, mabadiliko, fursa. Mtungaji wa swali alikuwa amewahurumia. Msichana aliandika sentensi ya kwanza bila kufikiri: "Kwa mujibu wa kipengele cha 4, weupe ni usafi wa moyo." Kisha akayasoma tena yale maneno mawili, "peke yake", na kalamu ikasimama.

Mashuka hayaji dukani peke yake. Huja mawili, na foronya zake, yamekunjwa kizembe ndani ya mfuko. Shuka likija moja, huwa limekunjwa vizuri mno, na anayelileta hutazama mashine. Mara ya kwanza kulipokea shuka la namna hiyo alikuwa na miaka kumi na tano, na alikuwa ameshafungua mdomo.

"Mbona moja tu, mama? Na lingine je?"

Shangazi alimpokonya kitabu cha risiti. "Andika shuka moja," alisema, kisha akamgeukia mteja: "Kesho saa nne, dada. Litakuwa tayari." Mteja alipoondoka, shangazi alilifunua lile shuka juu ya kaunta, akatazama kilichokuwapo katikati, akalikunja tena. "Huko kuna mgonjwa," alisema, "au kulikuwa na mgonjwa. Kazi yetu ni doa." Lilifuliwa mara tatu na kutiwa buluu. Lilikaa uani hadi jioni, jeupe kuliko yote.

Katika chumba cha mtihani msimamizi alitangaza kwamba imebaki saa moja. Hoja ya busara ilikuwa kuendelea na upepo. Msichana aliijua hoja hiyo, akaipa heshima yake, akaandika mambo mengine. Aliandika kwamba shuka hili ni moja, na linalofuliwa peke yake lina sababu. Kwamba weupe wake si wa kuzaliwa nao, mtu ameufanyia kazi, na aliyeufanyia kazi ndiye aliyefunga mlango. Kwamba mlango huo haumpi mtu fursa, unampa faragha. Kwamba weupe ni usafi kweli, lakini ni usafi wa baada ya jambo, na moyo unaohusika una cha kuficha bila kuwa na kosa. Na kwamba huenda vikale vyote vilianza hivi: mtu alifua kitu kwa sababu zake, jirani akakiona kambani.

Sentensi ya kwanza hakuifuta. Hakuwa na muda, na tena haikuwa uongo.

Matokeo yalichukua wiki sita. Kanuni zilitaka mtihani wa mara ya tatu usahihishwe na watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha ichukuliwe alama ya katikati. Karani wa Idara alimpitishia karatasi dirishani: hamsini na mbili. Amefaulu. Alimpa pia kijitabu cha majibu akitazame, kwani ilikuwa haki yake, mradi asiondoke nacho.

Alikisoma akiwa amesimama. Msahihishaji wa kwanza aliandika mwishoni: "66. Amefuata Orodha, kipengele cha 4." Wa pili aliandika chini yake: "38. Hakufuata Orodha, kipengele cha 4."