Mkono wa Samiha

Kijijini Msuka kuna wasukaji wengi, na kila mmoja ana mkono wake. Yuko mwenye mkono mzito, yuko mwenye mkono wa pupa, na yuko Bi Mwanamize. Ukili wake, ule utepe unaosukwa kisha ukashonwa kuwa mkeka, ulibana hata watu wakawa wanasema, ukimwaga chai juu ya mkeka wa Bi Mwanamize, chai itakaa palepale ikusubiri uende ukatafute kitambaa. Wachuuzi waliotoka Wete kuja kununua mikeka hawakuwa na haja ya kuuliza. Walipitisha kiganja tu, wakasema, "Uno wa Bi Mwanamize."

Mwenyewe alilijua hilo na hakuona haya kulijua. Ulimi wake nao ulikuwa wa namna ileile, hauachi upenyo. Pale barazani kwa Bi Duni, wanawake wa kikundi walipokutana baada ya alasiri kila mtu na chane zake za majani ya ukindu, yeye ndiye aliyekuwa akinyoosha mkono, akiuvuta ukili wa mwenziwe, akiutazama kama karani anayetazama cheti cha bandia, kisha akisema, "Fumua." Na watu walifumua. Walinung'unika mpaka wakachoka, lakini walifumua.

Aliyefumua kuliko wote alikuwa binti yake, Samiha.

Samiha alizaliwa na ugonjwa wa seli mundu. Pale Msuka ulikuwa ukiitwa "ugonjwa wa damu", basi, na kila mtu alijua maana yake ni nini: mtoto asikimbie sana, asilowe mvua, na siku maumivu yakimshika miguu na mgongo, baba yake, Mzee Haroub, atafute gari ya kwenda hospitali. Shule aliikosa zaidi ya alivyoisoma. Hakulima, hakwenda pwani kuokota chaza na wenzake. Alichoweza kufanya ni kukaa kizingitini, mgongo kwenye mwimo wa mlango, miguu kainyoosha, akasuka. Alipokuwa akisuka alikuwa mtu mwingine. Aliimba kidogo kidogo, alitaniana na wapita njia, rangi ilimrudi usoni. Ukimwona hapo usingemdhania mgonjwa.

Ila ukili wake ulikuwa umelegea.

"Mkono gani uno, mwanangu? Hapa hata mbuzi atapita."

"Nakaza, mama."

"Hukazi weye. Fumua."

Samiha alifumua na kuanza tena. Ukatoka tena vilevile, umelegea, laini, unalala mkononi kama kitambaa. Mama yake aliona ni uvivu. Hakulisema kwa ubaya, Mungu ni shahidi, alilisema kama mama anayetaka mwanawe abaki na kazi ya mikono yake siku yeye mwenyewe atakapokuwa hayupo. Nani angewaza kwamba foleni ingegeuka?

Mwaka wake wa mwisho, Samiha alichemsha ukindu mwenyewe kwa rangi ya zambarau, akauanika, akauchana, akaanza ukili mpya. Mama alipomuuliza wa nani, akajibu, "Wako. Wasuka mikeka ya watu wote, na mwenyewe wakalia jamvi lililotoboka. Huu hauuzwi."

Ilikuwa kweli. Mganga hajigangi. Lakini Mwanamize, badala ya kusema ahsante, aliuchukua ule utepe akauvuta huku na huku, akasema, "Basi ukaze, nisije nikakalia wavu."

Hayo ndiyo maneno aliyosema. Aliyasema siku ya Jumatatu. Ijumaa Samiha alishikwa na kifua, Jumamosi alfajiri akafariki njiani kwenda hospitali, kichwa kwenye paja la mama yake. Alikuwa na miaka ishirini na minne.

Walizika adhuhuri. Watu walijaa, Msuka nzima na wengine kutoka Shumba, na Bi Mwanamize alikaa na shuka kichwani hakumtazama mtu. Siku zikaenda. Hitima ya arubaini ikasomwa, sinia zikaoshwa, majirani wakarejea kwao. Ule ukili ulibaki ukutani, umezungushwa, umetundikwa kwenye msumari, chane zake za mwisho zikining'inia wazi. Ukili usiomalizwa huwa hivyo, chane zinachomoza kila upande zikingojea mkono. Samiha alikuwa amefika pima kumi na mbili, kila pima urefu wa mikono yake miwili iliyonyooshwa. Mkeka ule ulihitaji pima kumi na nane.

Bi Duni, shoga yake tangu utotoni, ndiye aliyelitamka. "Ukate hapo hapo, mwenzangu. Pima kumi na mbili watoka msala mzuri. Uusalie, umuombee."

"Kaniambia msala?" akauliza Mwanamize. "Kaniambia mkeka."

Kesho yake aliuteremsha. Akalowesha kitambaa, akazifunika zile chane mpaka zikalainika, akakaa akaendelea pale pale mwanawe alipoachia. Alisuka shubiri mbili. Mzee Haroub akapita na ndoo yake. Haroub hajui ukili wala ukindu. Ni mtu wa mihogo, na tangu msiba alikuwa hasemi neno ila salamu. Alisimama akautazama ule utepe juu ya mapaja ya mkewe, kisha akainama, akaweka kidole.

"Hapa ndipo mtoto alipoishia," akasema.

Alisema kweli. Upande huu ukili ulikuwa laini na mpana. Upande wa pili ulikuwa mwembamba, mgumu, umekazwa kama kamba ya kufungia ng'ombe. Kipofu angeona. Haroub alikwenda zake, na Mwanamize akabaki na picha ya kidole cha mumewe machoni. Hapa ndipo alipoishia. Kila mgeni atakayekaribishwa juu ya mkeka huo atapaona pahala pale, na atasema au atanyamaza. Na yeye mwenyewe atakuwa akifagia kila asubuhi anapita juu ya kifo cha mwanawe.

Ndipo alipotia nia. Alichomoa uzi mwekundu kwenye kanga kuukuu, akaufunga kwenye chane ya mwisho ya Samiha, asije akakosea kufumua hata fundo moja lisilo lake. Kisha akafumua zile shubiri mbili zote. Ukili huu utamalizwa, akajiambia, na utamalizwa kwa mkono wa Samiha, na hatatokea binaadamu wa kuweka kidole akasema ni hapa.

Msifikiri ni kazi ndogo. Mtu wa miaka hamsini na minane, vidole vimekwenda njia moja tangu akiwa na saba, ageuze mkono! Alichukua ukindu mweupe wa mazoezi, akalegeza. Ukatoka ovyo, pengo hapa, uvimbe pale. Akafumua. Akalegeza kidogo tu. Ukapinda. Akafumua. Wiki ya tatu aligundua jambo lililomtia haya: ukili wa Samiha ulilegea, lakini ulilegea sawasawa, pima ya kwanza mpaka ya kumi na mbili, hakuna chane iliyoizidi mwenziwe. Mvivu hawezi hivyo. Mvivu hulegea leo akakaza kesho. Huu ulikuwa mkono uliokuwa ukipima kila chane, na yeye, mjuzi wa Msuka nzima, alikuwa hauwezi.

Watu wakaanza kusema. Maagizo ya mikeka yalimlalia, hayagusi. Bi Duni akaja kumtazama, akakuta rundo la ukindu mweupe uliosukwa na kufumuliwa mpaka umekuwa nywele.

"Wajitesa, Mwanamize."

"Nikikaa bure ndio najitesa," akajibu. "Nikikaa bure namsikia kwenye gari ile akivuta pumzi. Nikisuka namsikia akinitania."

 Bi Duni alikaa naye mpaka magharibi wakasuka.

Ukaingia msimu wa karafuu. Kama ilivyo kila mwaka, Mwanamize alikwenda kuchambua, maana karafuu hazingoji msiba wa mtu. Kuchambua ni kazi ya vidole gumba: kikonyo baada ya kikonyo, kutwa, mpaka kucha zinageuka nyeusi na nyama ya chini inavimba. Siku ya nne vidole vyake vilikuwa vimefura, hata kufunga kanga alifunga kwa viganja. Akarudi nyumbani, akakaa kizingitini pa Samiha, akachukua chane zake kwa mazoea tu, asilale bila ya kuzigusa.

Hakuweza kuzivuta. Kila akivuta, maumivu yalimpanda mpaka kwenye kiwiko. Basi akawa hazivuti. Alizilaza tu kwa ncha za vidole, moja juu ya mwenziwe, kisha akazisukuma chini taratibu kwa ubavu wa mkono. Alisuka hivyo kiasi cha shubiri, akili yake iko mbali, halafu akatazama chini.

Ulikuwa umetoka. Laini, mpana, sawasawa. Aliusogeza karibu na ule wa zambarau, na haikuwepo tofauti ila rangi.

"Kumbe," akasema, na hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Ukili ule haukuwa uvivu, wala haukuwa ujinga wa kazi. Ulikuwa ukili wa mtu anayeumwa vidole. Na mara moja yote yakamjia, kama watu waliokuwa wakingoja nje mlango ufunguliwe. Bakuli la maji ya moto alilokuwa akiliomba Samiha kila asubuhi, eti la kulainishia chane, na mikono yake mwenyewe ikibaki ndani muda mrefu, na yeye Mwanamize akipiga kelele kwamba kuni zinakwisha. Mikono iliyokuwa ikifichwa ndani ya kanga wageni wakija. Ile "nakaza, mama," iliyokuwa ikisemwa polepole. Miguu na mgongo alisema. Vidole hakusema hata siku moja. Angesema, mama yake angemwambia aache kusuka, na kusuka ndiko kulikokuwa kumebaki.

Mwanamize alilia pale kizingitini kwa sauti, kilio alichokuwa hakukitoa makaburini wala siku ya hitima. Haroub akatoka ndani, akamwona. Akamkalia ubavuni. "Nilikuwa nikimwambia afumue," akasema Mwanamize. "Mtoto vidole vyamuuma, nami namwambia afumue." Haroub akamshika mkono ule uliovimba, akaushika vibaya kwenye gumba, na Mwanamize hakuuondosha.

Asubuhi yake Mwanamize alilowesha zile chane za zambarau, akaanza penye uzi mwekundu. Vidole vilipopoa, wiki mbili baadaye, mkono ulikuwa umekwisha kujifunza. Hakuhitaji tena maumivu ili aukumbuke. Barazani kwa Bi Duni aliuchukua ukili ule pamoja naye, na siku moja Mwanawema, mke mgeni aliyeolewa kutoka Gando, aliunyoosha ukili wake mlegevu mbele ya watu. Wote wakasubiri lile neno. Mwanamize aliupitisha mkononi.

"Vidole vyako vizima?" akauliza.

"Vizima, Bi Mwanamize."

"Haya. Vikiuma useme."

 Wanawake wakatazamana, mmoja akajitia kutafuta sindano.

Pima sita zilikwisha kabla ya mwezi wa Ramadhani. Aliushona kwa shazia, ile sindano nene ya mikeka, ubavu kwa ubavu, akautia pindo. Siku ya kumaliza, kabla ya kumwita Bi Duni, aliutafuta ule uzi mwekundu, akaukata kwa wembe, akauchomoa, akautia kwenye jiko. Alitaka kumjaribu mtu mwenye macho.

Bi Duni akaja na miwani yake. Akavua viatu, akapiga magoti, akaupitisha mkono mkeka mzima, mstari kwa mstari, akaukunja, akauinua kwenye mwanga wa mlango, akaulaza tena. Ilimchukua muda. Mwisho akavua miwani.

"Siioni tofauti," akasema. "Wallahi, shoga, siioni. Mkeka wote umesukwa na Samiha."

Mwanamize alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba, na Bi Duni akamkumbatia, wakalia na kucheka, wakanywa chai. Bi Duni akenda zake akimsifu njia nzima.

Mlango ulipofungwa, Mwanamize alipiga magoti pale mwenziwe alipopiga. Alitaka kitu kimoja tu. Kuweka kiganja pale pahala pa mwisho, kwenye ile chane aliyoishika mwanawe siku ya Ijumaa, akae hapo kidogo, amsomee Fatiha. Alikwenda moja kwa moja kwenye mstari alioudhania. Hapana. Akaenda wa pili yake. Akajaribu kuhesabu pima kutoka mwanzo kwa mikono yake mwenyewe. Lakini zile kumi na mbili zilipimwa kwa mikono ya Samiha, na mikono ya Samiha ilikuwa mirefu, au mifupi, sasa hakuwa na hakika. Alirudi mwanzo. Kila pahala palikuwa laini, kila pahala palikuwa sawasawa, zambarau tupu.

"Haroub! Njoo! Weye ulipaona. Nioneshe."

Mzee Haroub akaja, akainama, akakinyoosha kile kidole chake. Kikaenda huku, kikaenda kule, kikabaki kinaelea.

"Sipaoni," akasema. Kisha akaongeza kwa upole, "Si ndivyo ulivyotaka, mama Samiha?"

"Ndivyo n'livyotaka," akajibu Mwanamize, na mkono wake ukawa bado unatafuta.