Harufu ya Beberu kwenye Koti la Papa

Koti la Papa lilinuka beberu. Harufu ile nzito ya mkojo na jasho iliingia nyumbani kwetu Majengo, mjini Goma, kabla yake mwenyewe, ikashinda hata moshi wa makaa. Sisi tulifuga mbuzi majike wawili tu, nyuma ya ukuta wa mawe ya volkano, na majike hawanuki hivyo. Papa alisema anashinda sokoni Birere akiuza viatu. Mama, aliyekulia katikati ya mifugo kwenye milima ya Masisi, alilitundika koti msumarini, nami niliona pua yake ikicheza.

Asubuhi moja, Papa akiwa ananawa uso, Mama alisugua kitambaa kwenye koti lile akaniita uani. Mbuzi wetu mweusi alikuwa akilia tangu jana, amefikia wakati wake wa kutaka dume. Aliposogezewa kitambaa alikinusa, akatikisa mkia upesi upesi na kujisugua kwenye magoti ya Mama.

“Unaona?” Mama akaninong’oneza. “Beberu anajikojoleaka ndevu na miguu, ili majike wamujue. Ile harufu haitoke Birere. Papa yako anakaa karibu na beberu, na ule beberu iko na mwenyewe.”

Tangu hapo sikumwamini Papa tena. Nilimchunguza kila alipoingia, hadi nikaona jani la kiazi limenasa kwenye upindo wa suruali yake. Mama akamuuliza dereva wa pikipiki wa mtaani kwetu. “Papa Furaha? Mimi namupelekaka Kibumba,” akajibu, akimwita kwa jina langu, kisha akajuta kusema. Mama akanipakia kwenye pikipiki ile ile, tukapanda hadi kijiji hicho cha wakulima wa viazi.

Kibumba, beberu alikuwa amefungwa mbele ya nyumba ya mbao. Alinusa kitenge cha Mama, kilichoshika harufu ya mbuzi wetu, akainua kichwa, akakunja mdomo wa juu na kubaki hivyo kama anayepima jambo. Mlangoni akatokea msichana wa rika langu, mwenye paji langu la uso na masikio yangu, akatukazia macho.

“Papa!” akaita ndani. “Kuko wageni!”

Papa akatoka amevaa koti. Nyuma yake alisimama mwanamke mwenye udongo wa viazi mikononi. Mama hakupiga kelele. “Huyu mama anajua kama mimi niko?” akamuuliza Papa. Mwanamke yule akakaa chini polepole, na tukaelewa kwamba naye alidanganywa.

Papa aliishi kati ya nyumba mbili zilizomnunia hadi alipofariki. Vita vilipofika Kibumba, yule msichana, Neema, aliteremka Goma na mama yake, na Mama ndiye aliyewafungulia mlango. Leo mimi na Neema tunaishi nyumba moja, pamoja na mume wangu, mtu mpole ambaye sijamkamata na kosa lolote. Lakini simu yake inapolia, naye akatoka nje kuipokea, mimi na dada yangu hunyamaza kwa pamoja, tukasikiliza.