Shati Kavu la Wainaina

Lodwar, mwaka wa 1976, mwanamume aliyerudi kutoka kazini na shati kavu alikuwa na kesi ya kujibu.

Sitanii. Wanaume wa kota za serikali walirudi jioni mashati yamewaganda mgongoni, chumvi nyeupe imejichora kwapani. Wote, karani kwa bwana mkubwa.

Wote isipokuwa Wainaina, baba yangu.

Mama yangu, Mugure, aligundua siku ya kufua. Alitia shati kwenye beseni, akalitoa tena, akalinusa. Halikuwa na jasho. Lilinuka moshi na maziwa, na kwenye kola kulikuwa na kipande cha jani la mkoma, ile miti inayoota kando ya mto.

Msiniulize nimejuaje. Nilikuwa mgongoni mwake, mtoto wa kunyonya, mwili mzima vipele vya joto. Mengine amenisimulia mwenyewe, na mama huyo hasahau kitu.

Sasa, Wainaina hakuwa mtu hivi hivi. Yeye ndiye msimamizi aliyezijenga zile kota. Kuta za saruji, paa la mabati, dirisha dogo linalotazama jua la jioni. Ramani ilitoka Nairobi, naye akaijenga vile ilivyo. Wake za watumishi walipolalamika kwamba nyumba zinawaoka, aliwajibu kwa fahari, "Hizi ni nyumba za kisasa. Mtazoea."

Mugure hakuwa amezoea. Mchana alinilaza sakafuni juu ya gunia lililoloweshwa maji, akanipepea kwa sinia mpaka mkono ukafa ganzi. Halafu mume anarudi mkavu.

Wivu ukaanza kumtafuna.

Akapeleka habari kwa jirani yake Jerusha, mwanamke wa Kitale aliyejua kila kinachopikwa mjini na kila kinachoungua.

"Mama Gathoni," Jerusha alisema, akimwita kwa jina langu na kuvuta kigoda karibu, "mimi sikutaka kukwambia."

"Niambie tu."

"Kuna mjane anaitwa Nawoi, anakaa huko chini karibu na mto. Watu wanasema amemjengea bwana yako nyumba."

"Nyumba? Fundi ni yeye, ajengewe na mwanamke?"

"Ndiyo maana nakwambia. Huku kwa Waturkana mwanaume hajengi. Nyumba inajengwa na bibi. Ukisikia mwanamke amemjengea mwanaume nyumba, hapo usiulize tena."

Mugure hakuuliza tena.

Jioni Wainaina akaingia, mkavu.

"Umeshinda wapi leo, Baba Gathoni?"

"Kazini. Si unajua."

"Na joto?"

"Nimelizoea."

Akaomba maji. Mugure akampa, akawa anamtazama anavyokunywa. Alimchukia kwa moyo wote, na bado alimpenda, jambo lililomtia hasira zaidi. Akilini alishamchora huyo Nawoi: kijana, mrefu, shanga mpaka kidevuni, na hana mtoto wa kupepea.

Asubuhi akafunga nguo zetu sandukuni. Kulikuwa na lori la kwenda Kitale kupitia Kainuk, na dereva alikubali kutubeba jioni hiyo. Mama alikuwa anarudi kwao, basi. Lakini kwanza alitaka kumwona mwanamke huyo kwa macho yake.

Adhuhuri alinifunga mgongoni, akachukua mwiko wa ugali, akamfuata mumewe kwa mbali.

Wainaina alikata njia nyuma ya maduka, akashuka hadi kwenye mikoma ya mto Turkwel. Hapo palikuwa na nyumba mpya ya majani, ya mviringo, mlango umeelekezwa unakotoka upepo. Akavua viatu, akainama, akaingia kama mtu aliyefika kwake.

Nje, kivulini, Nawoi alikuwa anasuka kikapu. Alikuwa mwanamke wa umri wa kumzaa mama yangu, miguu imepasuka, meno yanahesabika. Mugure aliduwaa. Wivu wote ule, kumbe kwa huyu?

"Ejok," Nawoi akamsalimu.

Mugure alimpita, akaingia mwiko ukiwa juu.

Mumewe alikuwa amelala chali juu ya ngozi ya ng'ombe, kifua wazi, anakoroma. Shati limetundikwa kwenye ufito. Alikuwa peke yake. Mugure alitazama kila upande, hakuona kitanda wala leso ya mwanamke.

Ndipo akahisi miguuni. Upepo uliingia chini, katikati ya majani, ukapanda ukatokea juu. Paa lilikuwa nene, jua halina pa kupita. Mimi niliyekuwa nalia tangu asubuhi, nikanyamaza.

Wainaina akafumbua macho. Aliona mwiko kwanza.

"Mama Gathoni, hakuna mwanamke hapa. Nakuapia."

"Naona."

"Nakuja kupumzika tu mpaka jua lipungue. Kule kwenye mabati mtu hawezi kulala mchana."

"Kumbe unajua hawezi."

Alijikuna kichwa. "Sasa ningesema nini? Aliyejenga kota analala kwenye nyumba ya majani? Mji mzima ungenicheka."

Mugure akaketi chini akalia. Wivu haukuwa umeondoka. Ulikuwa umebadilisha mtu tu. Mumewe alipata mahali pa baridi katika Lodwar nzima, akapaficha, huku mtoto wake akilazwa kwenye gunia.

"Afadhali ningekuta mwanamke," akasema. "Hilo ningelielewa."

Nawoi alikuwa amechungulia mlangoni.

"Wewe ndio bibi yake?"

"Ndiyo mimi."

"Mbona unakawia? Huyu alikuja kwangu kusema anataka nyumba. Mimi nikauliza, bibi iko wapi, mwanaume haina nyumba. Akasema bibi atakuja. Basi mimi nikajengea wewe. Nangoja wewe tu." Akamgeukia Wainaina. "Huyu ni mgeni yako."

Fundi mkubwa aliagiza nyumba Turkana bila kuuliza itakuwa ya nani.

Mugure akafuta machozi. Akanilaza juu ya ile ngozi, akamkabidhi mumewe shati lake.

"Umesikia. Nenda kwako kwenye kota. Ukija hapa, utapiga hodi."

Lori la Kitale liliondoka bila sisi. Vipele vyangu vikapona. Jerusha alikuja kupeleleza, akabaki mpaka jua likazama. Wake wengine wakafuata, na wivu ukahamia kota nzima. Baba alikuja kila jioni, shati limeloa chapachapa, akapiga hodi kwa adabu, akapewa chai, akarudishwa kwenye mabati yake.

"Utarudi lini?" aliuliza.

"Siku utakayojenga nyumba ambayo wewe mwenyewe unaweza kulala ndani yake mchana."

Baadaye akatumwa Kakuma kujenga kota nyingine. Ramani ilikuwa ile ile. Safari hii alibishana mpaka wakubwa wakachoka naye. Milango akaielekeza kwenye upepo, ukutani akaacha matundu chini na juu, na juu ya mabati akatandika majani ya mkoma.

Nyumba ya kwanza ilipokwisha, tulipanda lori kwenda kuiona. Mama hakuingia. Alikalia sanduku lake nje, akamwambia baba aingie alale. Jua lilikuwa utosini.

Alipotoka, Mama alishika kola, akanusa, akapitisha kiganja mgongoni.

Kavu.

Akainua sanduku, akaingia.

Basi ninyi mnaojenga miji siku hizi, vioo kila upande na mashine ya baridi ya kuvifidia, msimpe mtu nyumba ambayo ninyi wenyewe hamwezi kulala ndani yake saa saba mchana. Na wewe dada unayenusa mashati, wivu wako ufuate mpaka mlangoni. Ila kabla hujashusha mwiko, tazama vizuri ni nini hasa ulichonyimwa.