Abiria wa Kwanza wa Fundi Majidi

Fundi Majidi wa Ng'ambo hakuwahi kumkabidhi mtu gari alilolitengeneza breki kabla ya kumpakia mkewe. Miaka thelathini ndivyo alivyofanya kazi. Akishakaza nati ya mwisho humwita, na Bi Najiat hutoka uani na ukili wa mkeka anaousuka mkononi, akaketi kiti cha abiria, wakazunguka wawili hao hadi barabara kubwa na kurudi. Gari aliloshuka Bi Najiat salama ndilo lililopita. Wateja walimtania, "Fundi, huyu mkeo ndiyo bima yako?" Naye huwajibu kwamba bima hulipa mtu akishaumia, yeye hataki aumie mtu.

Mimi, Tekla, nauza uji na maandazi kando ya ukuta wa gereji yake. Nimeyaona mengi pale, na mdomo ninao. Siku hii ninayoisimulia nilinyamaza.

Asubuhi aliingia Masanja, mfugaji wa Ziba, na pikapu kuukuu. Mkewe alikuwa amejifungua hospitali ya Kitete siku mbili nyuma, na mchana ule angeruhusiwa kutoka. Masanja alikuja kuwachukua, mama na mtoto, awarudishe nyumbani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Breki?"

"Zinashika ukipampu mara tatu."

"Na mafuta yakipungua unaongeza nini?"

Masanja aliangalia viatu vyake. "Maji ya sabuni."

Nilitamani kumrushia upawa. Ujinga huu madereva wetu wanarithishana: mafuta ya breki yakiisha porini, mtu anakoroga sabuni kwenye kopo, anamimina, safari inaendelea, na akifika anasahau kwamba alimimina. Majidi hakumgombeza. Alisema tu, "Sabuni hufua nguo, mwanangu. Chuma hukila."

Akazunguka gurudumu moja moja, akipapasa upande wa ndani wa tairi. La nyuma kushoto lilikuwa limelowa. Alipolifungua na kuvua drami inayofunika breki, ile silinda ndogo inayosukuma breki ilikuwa imeliwa na kutu, raba yake imechanika. Akafunga mpya. Akaimwaga sabuni yote, akajaza mafuta yenyewe, kisha akalala chini kutoa upepo ulioingia kwenye mabomba huku Masanja akikanyaga pedeli kama anavyoelekezwa. Masanja hakuona kasoro kwenye pedeli. Mwezi mzima alikuwa amezoea breki mbovu zaidi.

Mwisho Majidi aliketi kwenye usukani, akakanyaga, akashikilia.

"Imekaza," akasema, akaita, "Mama Fikiri!"

Bi Najiat alikuja, akafungua mlango. Alitazama chini, ulipo mguu wa mumewe, akatazama tena. Kisha akaufunga mlango akiwa bado amesimama nje.

"Mimi sipandi."

Gereji nzima ilisimama. Fundi wa kupiga rangi alizima mashine yake. Masanja alimtazama Majidi, akamtazama Bi Najiat, na kila mtu pale alijua maana yake, maana neno hilo halikuwahi kusemwa.

"Mke wangu, unaniaibisha," Majidi alisema kwa sauti ndogo.

Nitasema yaliyokuwapo, ingawa mimi niliyajua baadaye. Majidi ana kisukari, na tangu mfungo uliopita miguu yake ilikuwa imekufa ganzi. Jioni moja uani kwao alikanyaga kaa la moto akaendelea na mazungumzo, mpaka Bi Najiat aliposikia harufu ya ngozi inaungua. Alimsihi mkewe asimwambie mtu. Fundi wa breki asiyeusikia mguu wake atapewa gari na nani? Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini Bi Najiat alimfichia, kwa kuwa anampenda, na kila alipopanda gari tangu siku ile alipanda akimwomba Mungu.

Sasa alizunguka hadi upande wa dereva, akapiga magoti kwenye ule udongo wenye oili, akaweka kiganja juu ya mguu wa mumewe.

"Baba Fikiri, pedeli inazama. Imekaribia chini kabisa. Unaisikia?"

Majidi aliutazama mguu wake. Macho yakamjaa maji. "Siisikii," akasema, na sote tulisikia.

"Basi shuka. Nitakanyaga mimi."

Akashuka. Bi Najiat akaketi kwenye usukani, yeye ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, akakandamiza. Majidi akaingia chini ya gari na tochi. "Inashuka," Bi Najiat alisema. "Inashuka bado." Na pale, kwenye bomba jembamba lililopita juu ya ekseli, chini ya kibanio, Majidi aliliona tundu dogo la kutu likitema mafuta kila pedeli ilipobanwa, likinyamaza pedeli ikiachiwa. Macho yake yalikuwa mazima. Alikata kipande kile, akafunga bomba jipya, wakatoa upepo upya.

"Sasa?"

"Imesimama. Ngumu kama ukuta."

Masanja ndiye aliyeendesha kwenda kujaribu, wao wawili wamebanana kando yake. Walirudi salama. Masanja aliwashukuru kwa maneno machache, akaondoka kwenda Kitete. Majidi aliketi kwenye benchi langu, uji ukapoa mbele yake. Alijua wenye magari wa Ziba na Igunga hukutana mnadani, na mnadani habari hazilali. Nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kumdai pesa ya uji.

Siku nane zikapita bila gari hata moja kutoka upande ule. Ya tisa, ikasimama Noah yenye vumbi jekundu, akateremka mwanamke mnene, mtoto mgongoni, akaja moja kwa moja kwangu.

"Natokea Ziba. Masanja kanielekeza. Kasema nisimkabidhi mtu breki za gari langu ila yule mama anayekanyaga na mzee anayetazama. Wapo?"

Majidi alikuwa amemsikia. Aliinuka polepole, akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akageukia uani.

"Mama Fikiri," akaita, "tumepata kazi."